Pampu Haikuwa Mbovu

Tangu nirudi mmeniuliza swali moja, kila mtu kwa zamu yake. Mama Brayo wa mboga ameniuliza, mafundi wenzangu wameniuliza, hata mchungaji alinisimamisha mlangoni pa kanisa Jumapili akitaka kujua huko nilikoenda nilifanya nini. Nimechoka kusimulia vipande vipande huku nimeshika mashine ya kuchomelea. Naandika mara moja. Someni, kisha mniache nifanye kazi.

Kwa wale wageni hapa Huruma: mimi ni fundi wa chuma, na kazi yangu kubwa ni pampu za mkono za visima. Baba alitoka upande wa Bungoma akaja Eldoret kuajiriwa kiwandani, na alipokufa aliniachia mashine moja ya kuchomelea pamoja na ukaidi wake wote. Watu huniita Mama Pampu. Naitika.

Kilichonitoa nyumbani ni barua. Miaka miwili iliyopita mkandarasi mmoja alichukua pampu kwangu akaipeleka kaunti moja kavu huko kaskazini. Aliniomba nimtengenezee na kibao cha chuma chenye jina la mheshimiwa, mwakilishi wa wodi ya huko kwenye bunge la kaunti, maana kisima kingezinduliwa na yeye. Kibao nilikitoa bure, kwa chuma changu mwenyewe, na nilijivunia sana zile herufi. Nilizikata moja moja, nikazipanga kwa rula, nikachomelea kibao juu ya kichwa cha pampu pande zote nne. Sasa, mwezi jana, mkandarasi akaja na barua kutoka ofisi ya maji ya huko. Aliisoma kwa sauti mbele ya karakana, watu wakisikia: pampu ni mbovu, na fundi aliyeitengeneza asipewe kazi tena.

Nilimwambia pampu yangu haiwezi kufa kwa miaka miwili. Akasema karatasi ndiyo imesema. Nikamwambia basi nitaenda nikaongee na hiyo karatasi.

Nilikuwa nataka kitu kimoja tu: mtu wa serikali ile aandike kwa mkono wake kwamba pampu haikuwa mbovu. Jina la kaunti sitalitaja. Wenyewe wanajijua. Na jina la mheshimiwa sitaliandika pia, nilishaliandika mara moja na hiyo inatosha.

Huruma mpaka Makutano

Nilipakiwa na Baba Shiru, yule Mkikuyu wa Yamumbi anayepeleka kabichi kaskazini kila wiki. Alikubali kunibeba kwa sharti kwamba nisikosoe lori lake. Nilijitahidi. Tulipofika Kitale nilishuka kunyoosha miguu, na jicho langu likaenda lenyewe chini ya gari. Springi ya nyuma upande wa kushoto ilikuwa na ufa. Nikamwambia. Akanikumbusha sharti letu, akasema hiyo springi imebeba kabichi tangu kabla sijajua kushika nyundo. Nikanyamaza, kwa kuwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mguu haukuwa wangu.

Makutano tulikula mahindi ya kuchemsha na chai. Mwenye hoteli aliona sanduku la vifaa vyangu mezani akamgeukia Baba Shiru. "Fundi, unaenda kutengeneza nini huko chini?" Baba Shiru akasema fundi ni huyu mama. Mwenye hoteli akacheka kwa heshima, vile mtu hucheka mzaha ambao hajauelewa, akamwekea Baba Shiru chai nyingine. Ya fundi. Mimi nikaachiwa bili ya mahindi.

Makutano mpaka Marich

Ukiondoka Makutano barabara inashuka, na inashuka sana. Juu ni baridi, watu wamevaa makoti, mahindi yamesimama. Chini kidogo koti linakuwa mzigo. Mlima unabana barabara na mto kwenye njia moja nyembamba, na ukitoka upande wa pili unakuta dunia nyingine kabisa: mchanga, miti ya miiba, vichuguu virefu kuliko mtu, na joto linaloingia garini bila kubisha hodi. Nilizaliwa safari ya siku moja tu kutoka hapo na sikuwa nimewahi kufika. Shuleni tulifundishwa kwamba huko hakuna kitu. Nilihesabu mbuzi mpaka nikachoka, nikaona mwalimu wetu naye hakuwahi kufika.

Marich tulikula nyama ya mbuzi iliyochemshwa na chumvi tu, pamoja na ugali. Mimi ni mtoto wa Mluhya na ugali naujua, kwa hiyo huo sitausema. Lakini ile supu nitaisema. Niliomba bakuli la pili, na mama aliyepika akatazama sanduku langu la vifaa, akaniuliza mume wangu fundi atakula saa ngapi.

Baada ya hapo tulikata kona. Kushoto ama kulia, sitasema.

Kando ya laga

Springi ilivunjika mchana, pale pale nilipoonyesha kwa kidole. Tulikuwa tumeingia kwenye laga, ule mto mpana wa mchanga ambao hauna maji mpaka mvua inyeshe mbali milimani. Baba Shiru alishuka, akatazama, akapanda tena, akakaa. Hakuniangalia. Mimi sikusema neno, na nataka mjue kwamba kunyamaza kule kulinigharimu. Alipata mtandao kwa bahati akamwomba mwenzake alete springi nyingine kutoka Makutano. Ingefika kesho.

Jioni mapema maji yetu yaliisha. Nilikuwa nimeona mahali kwenye mchanga pamezungushiwa matawi ya miiba, nikajua kuna kisima cha kuchimbwa kwa mkono. Nilichukua kidumu, nikasogeza miiba, nikashuka ndani ya shimo lililonifika mabegani. Chini kulikuwa na maji masafi, kidogo. Nikachota kwa kikombe taratibu mpaka kidumu kikafika nusu, huku nikijisifu kwa ujasiri wangu. Nilipoinua kichwa, mwanamke amesimama juu yangu na fimbo.

Hakunipiga. Alinyoosha kidole kwenye kidumu, kisha kwenye shimo. Nikafikiri anataka nimsaidie kuchota. La. Alitaka nirudishe. Tulibishana kila mtu kwa lugha yake, na mimi, Mama Pampu, niliyewawekea watu pampu nusu ya Bonde la Ufa, nikamimina maji yake yote shimoni huku mate yamenikauka.

Baba Shiru alikuja akamsalimia kwa maneno machache anayoyajua. Kisha akanigeukia, na nikaona amefurahi kwa mara ya kwanza tangu springi ivunjike. "Mama, kisima hapa ni kama jikoni ya mtu. Wewe unaweza ingia jikoni ya Mama Brayo ujichukulie chapati? Ulifaa uulize kwanza."

"Nani amesema ni yake?"

"Ni yeye alichimba. Hiyo ndio title deed."

Ikabidi niombe. Si kuomba tu hivi hivi. Mwanamke alitaka kujua mimi ni binti ya nani, natoka wapi, naenda wapi, na nyumbani hali ya mvua ikoje. Nilijibu yote, Baba Shiru akitafsiri vibaya. Nilisema mimi ni binti ya Nekesa wa Huruma, na Eldoret mvua imenyesha. Aliposikia hilo uso ulilegea. Akashuka shimoni mwenyewe, akachota, akajaza kidumu mpaka mdomoni. Maji yale yale aliyonifanya niyamwage. Nilikasirika mpaka usingizi uliponichukua juu ya kabichi, ila somo sikulisahau.

Ofisi ya wodi

Mpaka leo sielewi mtu anaitawalaje wodi kama ile. Ya kwetu unaizunguka kwa miguu kabla chai haijapoa. Ile, ukisimama katikati, pande zote unaona upeo tu, na bado mwenyeji atakwambia wodi inaendelea nyuma ya ule mlima. Ofisi yenyewe ni nyumba ya mabati yenye bendera mbili, ya nchi na ya kaunti, na tanki la plastiki lisilo na maji.

Baba Shiru alinishusha hapo baada ya springi kuja na kufungwa, na mlinzi akaniandika kwenye kitabu cha wageni. Nilisema nimekuja kuhusu pampu. Nikakaa kwenye benchi saa mbili asubuhi. Saa nne msimamizi wa wodi alipita akanisalimia vizuri tu. Saa sita akapita tena. Alikuwa kijana wa kama miaka thelathini, shati limepigwa pasi, mtoto wa huko huko ila shule zote amesoma za bweni Kitale, Kiswahili chake ni kama cha wanangu. Saa saba nilisimama nikamuuliza ananingojesha kwa kosa gani. Akashangaa. Alisema amekuwa akimngoja fundi. Tukaenda kutazama kitabu. Mlinzi alikuwa ameandika: mke wa fundi.

Sikupiga kelele. Nilikata yale maneno mawili ya kwanza kwa kalamu ya mlinzi mwenyewe.

Msimamizi alinikaribisha ndani, na namshukuru kwamba hakunidanganya. Alinionyesha fomu ya visima vya wodi. Kila kisima kina mstari wake, na mbele ya mstari kuna visanduku viwili: kimoja cha pampu nzima, kingine cha pampu mbovu. Yeye hakuwahi kufika kwenye kisima changu tangu aripoti kazini. Gari la ofisi lilikuwa likingoja matairi. Alimpigia chifu simu akamuuliza kama watu wanatumia ile pampu. Chifu akasema hawatumii. Basi akatia alama kwenye mbovu, na fomu ikaenda ofisi ya maji.

"Kwa nini hukuuliza ni kwa nini hawatumii?" nilimuuliza.

"Madam, fomu haina mahali ya kwa nini."

Nilimwambia tunaenda. Yeye, mimi, na sanduku langu. Akasema gari halina matairi. Nikamwambia pikipiki ina mawili, yanatosha.

Kwenye kisima

Tulifika asubuhi iliyofuata, baada ya kupita mchanga, mawe, na watu waliotusimamisha ili kutuuliza habari tu. Huko ukipita bila kutoa habari unahesabiwa mwizi ama mgonjwa. Msimamizi, ambaye alizoea kupita kwa gari na vioo vimefungwa, alisalimia siku ile kuliko mwaka mzima.

Pampu niliiona kutoka mbali. Rangi ya bluu bado ipo. Kibao kinang'aa. Na kuizunguka yote, kimo cha kifua, ua wa miiba uliofumwa vizuri, bila hata mlango. Hatua mia hivi kutoka hapo, kwenye laga, wanawake walikuwa ndani ya mashimo wakichota mchangani kikombe kwa kikombe, na mbuzi wamejipanga juu yao wakilia.

Nilisema moyoni, hawa watu wameifunga pampu yangu. Damu ikanipanda. Nilivuta tawi la kwanza la ua, na hapo hapo nikasikia sauti nyuma yangu. Mama mmoja mrefu alikuwa anakuja na fimbo, shanga zimemjaa shingoni, na nyuma yake wengine. Kama si yule mwanamke wa pale springi ilipovunjikia, ningebishana. Lakini mtu hachapwi mara mbili kwa kosa moja. Niliachilia tawi, nikasema "Ejoka," salamu ya kwao, neno pekee nililolijua, kisha nikamwambia msimamizi atafsiri: mimi ni binti ya Nekesa, natoka Eldoret, mvua imenyesha, na ninaomba kuchota maji kwenye kisima hiki.

Mama yule, jina lake Akiru, alisikiliza mpaka mwisho. Akasema nimeomba vizuri, lakini hawezi kunipa, kwa kuwa kisima si chake.

Niliuliza ni cha nani.

Akanyoosha fimbo kwenye kibao changu. Kusoma hajui. Lakini siku ya uzinduzi jina lilisomwa kwa sauti, akalisikia. Mheshimiwa ndiye aliyeleta mashine ya kuchimba. Mheshimiwa ndiye aliyekunywa wa kwanza, kwa glasi. Jina lake likaachwa pale. Kisha akapanda gari akaenda bila kumwachia mtu yeyote neno. Wakamngoja. Walituma ujumbe kwa chifu mara mbili kumwomba ruhusa, jibu halikurudi. Kwa hiyo wakakizungushia miiba, mbuzi na watoto wasije wakaharibu mali ya mwenyewe akiwa hayupo. Ua wameubadilisha kila ulipooza.

Niliomba msimamizi arudie. Alirudia polepole, na sauti yake ilikuwa imebadilika. Kumbe hawakuifunga pampu yangu kwa chuki. Misimu miwili ya kiangazi walikuwa wanailinda, huku wenyewe wamo shimoni na vikombe.

"Anauliza," msimamizi akaniambia, "huyu mwenye kisima yuko hai ama alikufa?"

"Yuko hai," nikasema.

"Anasema, basi huyo ni mtu wa aina gani."

Fimbo ya mbali haiui nyoka, wanasema, na ya mheshimiwa ilikuwa mbali kweli. Msimamizi alipanda kichuguu kutafuta mtandao ampigie. Simu haikupatikana. Akarudi amelowa jasho. Mimi nilikuwa nimekaa chini natazama herufi zangu. Zilikuwa zimenyooka, kila moja. Siwezi kuwaficha, niliona aibu. Nilikuja kutetea mkono wangu, nikakuta ni mkono wangu huu huu uliofunga maji.

Nilimwambia Akiru kwamba pampu niliitengeneza mimi. Akasema amesikia, ila aliyechonga kibuyu si mwenye maziwa. Hapo alinipata. Nikamwambia sawa, pampu si yangu. Lakini kibao ni changu. Ni chuma changu, niliongeza bure, hakuna aliyekinunua, na sasa nakitaka. Akauliza kama hiyo ni kweli, nikaapa kwa mamangu. Akasema mtu anaweza kuchukua kitu chake.

Msimamizi ndiye aliyeogopa. "Madam, hiyo ni mali ya county. Ukiitoa, mimi ndio nitafutwa, si wewe."

"Andika kwamba nimeitoa mimi. Andika jina langu lote. Si huwa mnapenda majina?"

Akiru aliivuta miiba mwenyewe, akanifungulia njia ya kupita mtu mmoja.

Sasa nisikilizeni nyinyi mnaojua kazi. Nilichomelea kile kibao pande zote nne, na umeme hapo hakuna. Nilikuwa na msumeno wa chuma, tindo na nyundo. Ilinichukua mpaka jua likafika utosini. Kila upande niliokata nilijilaani kwa kufanya kazi nzuri. Meno mawili ya msumeno yamebaki huko. Kibao kilipoanguka mchangani hakuna aliyepiga makofi. Wanawake walikitazama tu, wakatazama pampu.

Nikashika mpini. Akiru akanizuia tena. Alisema sasa mambo yamekuwa mabaya zaidi: kwanza kisima kilikuwa na mtu asiyepatikana, na sasa hakina mtu kabisa. Ruhusa ya kuchota ningeiomba kwa nani?

Nilikaa chini kwa mara ya pili. Msimamizi, ambaye nadhani alitaka tu siku iishe, akasema nifungue pampu ili angalau aone ndani na aandike shida ilikuwa nini. Nikamjibu kwa hasira kwamba hakuna shida, na kwamba pampu ya kina kile haifunguliwi na mtu mmoja. Mabomba kumi na mawili, moja chini ya jingine, lazima yavutwe yote, na kila moja ni uzito wa mbuzi mkubwa. Kidole kimoja hakivunji chawa. Aliwatafsiria wanawake maneno yale, sijui kwa nini, labda kwa kuona haya. Akiru akauliza mabomba yale yanafika wapi. Nikasema yanafika chini kabisa, kwenye maji yenyewe.

Akaweka fimbo chini. Alimwambia mwenzake kitu, naye akamwambia mwingine. Wakaja wanane wakashika bomba.

Nimefanya kazi na wanaume wa Huruma miaka ishirini na sijaona mikono kama ile. Mimi nilikuwa kwenye rench, nafungua na kufunga, na wao wanavuta wakiimba, Akiru mbele. Bomba moja, la pili, la tatu, yakalazwa mchangani yamelowa. La mwisho lilitoka likidondosha maji, na kila mmoja aliligusa. Nilimwonyesha msimamizi kila kitu. Washa za ngozi, zile pete za kuzuia maji yasivuje, bado laini. Vyuma safi. Valvu inakaa mahali pake. Nilimwambia aguse, akagusa, shati lake likaingia grisi. Kisha tukarudisha yote chini, bomba kwa bomba, jua likianza kulegea.

Nilipofunga nati ya mwisho nilirudi nyuma, nikampa Akiru njia. Aliwageukia wenzake, akasema maneno mafupi, nao wakaitikia. Msimamizi alichelewa kunitafsiria kwa sababu alikuwa anapangusa uso.

"Amesema, leo tumefika chini kwa mikono yetu. Hii imechimbwa."

Alipiga mpini. Hewa. Akapiga tena, na tena, wakabadilishana, nami nikawa nahesabu mpaka nikafika arobaini. Kisha bomba likakohoa, maji yakaja, mekundu kwanza, halafu meupe.

Akiru alipanga zamu. Mbuzi waliotoka mbali kwanza, wenye watoto wachanga wafuate, halafu wengine. Mimi nilisogea na kikombe changu, nikasalimia, nikaanza kueleza mimi ni binti ya nani. Akanikatiza, akasema anajua, ila nyuma yangu kuna kondoo walionitangulia. Nikangoja kondoo wamalize. Nilikunywa wa mwisho, na jamani, sijui niseme nini juu ya maji yale.

Ofisini tena

Msimamizi alitoa fomu mpya. Akatia alama kwenye kisanduku cha pampu nzima, na nikaanza kutabasamu mapema. Chini kulikuwa na mstari wa matengenezo. Alisema lazima ujazwe, kwa kuwa pampu ilikuwa mbovu na sasa ni nzima, kwa hiyo lazima kuna kitu kilichotengenezwa. Aliandika: pampu imerekebishwa na fundi. Akanipa kalamu niweke sahihi.

Nilikataa. Alinibembeleza, akasema hiyo ni kwa faida yangu, nitaonekana fundi mwaminifu aliyerudi kurekebisha kosa lake. Nilimwuliza kosa lipi. Nikamwuliza kama mikono yake ilipogusa washa zile ilikuta kosa. Akasema hapana. Nikamwambia basi aandike hivyo.

"Watarudisha hii fomu, Madam."

"Warudishe. Wewe utakuwa umeandika."

Aliitazama ile grisi kwenye shati lake. Kisha akachukua rula, na pembeni mwa vile visanduku viwili akachora cha tatu. Akatia alama ndani. Kwenye mstari akaandika: Pampu haikuwa mbovu. Ilikuwa na jina. Hapo niliweka sahihi yangu, kubwa, ikavuka mpaka pembeni.

Huruma

Barua ya kwanza haijafutwa. Niwaambie ukweli, mlionipongeza bure. Fomu ilirudishwa mara moja, msimamizi akaituma tena ilivyo. Mkandarasi bado ananipita kama hanijui, na wiki iliyopita nilisikia amepeleka kazi ya pampu tatu kwa fundi mwingine, pamoja na vibao vitatu. Mheshimiwa ameulizia kibao chake. Aje akichukue. Kiko hapa karakanani, nimekigeuza herufi zikatazama chini, nakatia chuma juu yake.

Mnaniuliza kama basi safari ilikuwa ya bure. Jana msimamizi alinipigia simu. Alikuwa kisimani, kwa pikipiki yake, na nyuma yake nilisikia mbuzi na mtu anayezungumza kwa ukali.

"Ni Akiru," akasema. "Analalamika. Anasema umemuuzia kitu inapiga kelele. Mpini unalia kutoka asubuhi mpaka jioni na mbuzi zinashtuka. Anasema uje uone kisima chake."

Nilimwomba arudie neno la mwisho, akarudia. Chake.

Pampu isiyotumika hailii. Mpini unalia kwa sababu grisi imekwisha, na grisi imekwisha kwa sababu mikono haijapumzika tangu niondoke. Katika miaka yangu yote ya kazi hilo ndilo lalamiko tamu kuliko yote niliyowahi kupokea, na nimelipokea kutoka kwa mwenye kisima mwenyewe. Barua wabaki nayo.

Baba Shiru anaondoka Alhamisi, na springi mpya. Grisi nimenunua.